Spoku Iliyolegea Kila Ijumaa

Jua la Ijumaa lilikuwa limeanza kuinamia vilima Zachariah Ombok alipoteremka stendi ya Nyamira, rimu mpya ya baiskeli ikining'inia begani. Alikuwa ameifuata mpaka Suneka. Rimu za hapa mjini, alisema, ni mabati yaliyokunjwa tu.

"Daktari, leo umevaa mkufu!" vijana wa bodaboda walimtania.

Ombok hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa, lakini mjini kila auzaye vidonge ni daktari. Zamani angesimama awajibu, maana ulimi alikuwa nao. Siku hizi alipunga mkono tu, akaongeza mwendo.

Alikuwa akishindana na jua. Pande hizi Wasabato ni wengi, na Ombok, ingawa alikuwa mtu wa kuja kutoka Homa Bay, aliishika Sabato kuwashinda wenyeji. Kwake, jua la Ijumaa likizama, spana inawekwa chini, redio inazimwa, mlango unafungwa na kitabu cha nyimbo kinafunguliwa. Aliyebaki nje alisubiri kibarazani mpaka amina. "Jua lisikuzamie njiani," aliwaambia wanawe kila Ijumaa, nao walijua hatanii.

Mwaka uliopita, jioni kama hiyo, mwanawe Ben, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa akirudi kutoka Sironga kwa baiskeli. Ukungu ulikuwa umetanda. Ben aliona jua linamtoka, akateremka kilima bila kushika breki ili aukute mlango wazi. Gurudumu la mbele liliingia shimoni, likajikunja. Waliofika kwanza walisema la nyuma lilikuwa bado linazunguka, tk... tk... tk..., na mtoto ameshanyamaza.

Wakati huo baba yake alikuwa amefunga mlango na yuko ubeti wa pili.

Walimzika Homa Bay, kwao. Adoyo, mkewe Ombok, hakurudi tena Nyamira. Alisema hawezi kuipita ile barabara, akabaki na kaburi. Ombok alirudi na binti yao Valarie na ile baiskeli iliyovunjika. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mtu akipika, alipika sana, kisha chakula kikalala.

Valarie sasa alisoma shule ya kutwa huko huko Sironga, akienda na kurudi kwa miguu. Alipoomba baiskeli, Ombok alisema atamtengenezea mwenyewe. Hakuna fundi aliyewahi kugusa baiskeli ya nyumba hiyo. Yeye na Ben walikuwa wamejifunza kila kitu kwa kutazama video kwenye simu, na hata kusuka gurudumu kuanzia mwanzo waliweza.

Jumapili aliipindua baiskeli kibarazani, ikasimama kwa kiti na usukani, akaanza kusuka. Spoku moja baada ya nyingine, kila moja ikipita juu ya mbili na chini ya ya tatu. Akakaza kidogo kidogo, akizungusha rimu mbele ya msumari aliousimamisha kama kipimo, mpaka ikaacha kuyumba. Rimu ilikuwa mpya, spoku mpya. Kitu kimoja tu cha gurudumu hilo kilikuwa cha zamani: habu, kile kipande cha katikati ambako spoku zote huanzia. Hiyo ilitoka kwenye gurudumu lililomwangusha Ben. Chuma ni chuma, Ombok alijiambia, na habu nzuri haitupwi.

Mwisho alizidonoa spoku kwa ukucha ili asikie mlio wake. Hiyo ilikuwa kazi ya Ben, maana Ben ndiye aliyekuwa na sikio. Zikikazwa sawa, zote hulia sauti moja. Iliyolegea hulia chini, nzito. "Hii ina mafua, Baba," Ben angesema, na wote wawili wangecheka.

Siku hiyo hakuna iliyokuwa na mafua. Ombok aliinamia gurudumu lake zuri, akalia mpaka Valarie akaja kumshika bega.

Ijumaa iliyofuata, jua lilipozama, walikuwa sebuleni na vitabu vyao. Mlango ulikuwa umefungwa. Ombok alivuta pumzi aanze wimbo.

*Ting.*

Sauti ilitoka kibarazani. Spoku imedonolewa.

*Ting... ting... ting...*

Ilikuwa ikidonolewa moja moja, taratibu, kwa mpango. Kisha ikaja moja iliyolia chini. Nzito. Yenye mafua. Hapo mdonoaji alisimama.

"Ni panya," Ombok alinong'ona.

"Baba, panya hawana kucha za namna hiyo."

Halafu wakasikia kutoka barabarani mlio wa friwili, ile gia ya nyuma inayolia pedali zikitulia, baiskeli ikiteremka kwa kasi. Tk-tk-tk-tk... Ulifika langoni, ukapungua, ukakoma. Harufu ya grisi na nguo mbichi ilipenya chini ya mlango. Kuna mtu aliyesimama pale nje. Hakubisha. Watoto wa nyumba hiyo hawakuwahi kubisha mlango ukishafungwa, walikaa chini wakasubiri.

Asubuhi Ombok alikuta spoku ya karibu na tundu la vali imelegea kabisa. Jumapili aliikaza. Ijumaa ililegea tena, ile ile, na tena mlio ukateremka barabarani, ukaishia mlangoni.

Alimpigia Adoyo simu. Hakusema alichokisikia, aliuliza tu hali ya huko.

"Nakaa hapa kwa kaburi," Adoyo alisema, sauti imemkauka. "Nakaa na naongea naye. Lakini hayuko, Baba Ben. Mama hujua. Hapa ni udongo tu."

Aliyemfungua Ombok macho ni Mong'ina, mama mzee wa jirani aliyewaletea maziwa. Alisimama kibarazani, akaitazama baiskeli, akarudi nyuma.

"Hiyo chuma ya katikati si ni ile ya kijana?" aliuliza. "Baba Ben, umempatia njia ya kukuja na hujampatia mtu wa kumpeleka. Mlizika mwili. Roho mliita pale alianguka?"

"Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Kwani mimi ni wa soko? Nimeshika Sabato kabla uzaliwe." Mzee aliteremsha sauti. "Mtu akifia barabara, anaitwa hapo hapo, kwa jina, anapelekwa kwa kaburi. Kama hajaitwa anarudia safari yake tu, hafiki. Enda ile saa yake. Mwite. Akikuuliza kitu, usijibu. Usimwingize kwa nyumba, hata kama mvua inanyesha. Pita moja kwa moja mpaka kwa mama yake. Ukimwingiza ndani ya watu walio hai, atakaa. Na akikaa atasikia baridi, atataka mwenzake. Atachukua ule anapenda zaidi."

Ombok aligeuka. Valarie alikuwa akiosha vyombo bombani, akiimba peke yake. Zamani Ben ndiye aliyekuwa akimbeba kwenye keria, pale nyuma ya mwendeshaji, kila mahali, hata dukani hapo jirani.

Basi Ombok, mzee wa kanisa, akapanga safari ya usiku wa Sabato. Jethro, dereva wa mjini, angesubiri langoni na Probox yake, buti wazi. Valarie angelala kwa Mong'ina. Adoyo alipoambiwa alilia kwenye simu kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Mlete," alisema. "Nitakaa hapo kaburini na taa mpaka mfike. Usiku kucha nitakaa."

Ijumaa hiyo Ombok aliikokota baiskeli mpaka katikati ya kile kilima. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mashamba ya chai, hata vilele vya mikaratusi havikuonekana. Alisimama pale kwenye shimo. Walikuwa wamelijaza kokoto, lakini mguu wake ulilijua. Jua likazama.

"Ben," aliita. Akaita tena. "Ben, wuod Ombok, mwana wa Ombok. Twende nyumbani."

Tairi la nyuma likabonyea.

Uzito ulikuwa umekaa juu ya kiti. Ombok aliujua uzito ule, aliwahi kuushika kwa mikono miwili Ben alipokuwa akifundishwa kuendesha. Alianza kuteremka, macho mbele, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti kama siku zile. Friwili ililia kando yake, tk... tk... tk... Halafu ikaacha kulia.

Pedali zilikuwa zimeanza kuzunguka.

Hakutazama. Alitembea huku machozi yanamdondoka kidevuni, na mtu asidhani ni ya woga. Alikuwa na furaha. Alikuwa akitembea na mwanawe.

Taa za Jethro zilionekana langoni. Injini ilikuwa ikinguruma, buti limefunguliwa. Hatua chache tu zilibaki.

"Baba..."

Sauti ilitoka pale pale kwenye kiti, ndogo, yenye kuhema.

"Baba, nimechelewa?"

Ombok aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Hakujibu.

"Mzee, leta tupakie," Jethro aliita. Yeye hakuwa amesikia kitu.

"Mlango umefungwa, Baba. Nilikuja mbio. Sikushika breki hata kidogo."

Swali alilivumilia. Maneno haya hayakuvumilika. Wahenga walisema mcha mwana kulia hulia yeye, na Ombok alikuwa ameifundisha methali hiyo kanisani, tena kwa sauti kubwa. Lakini ni mzazi gani angesikia hayo akanyamaza? Alitoa ufunguo mfukoni. Alivuka baraza. Alifungua mlango wote, upande mpaka upande.

"Hujachelewa, nyathina, mwanangu," alisema. "Hujachelewa. Ingia."

Uzito ukatoka kwenye baiskeli. Harufu ya grisi ilimpita usoni, ikaingia. Mlango ukajifunga taratibu, kama Ben alivyoufunga siku zote ili asimwamshe mama yake.

Jethro alifunga buti, akaondoa gari bila kuaga. Homa Bay, mwanamke alikaa kaburini na taa mpaka mafuta yakaisha. Asubuhi Ombok alimwambia gari lilikuwa limeharibika. Adoyo alikata simu.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na joto. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ombok alilala usingizi wa kwanza wa kweli kwa mwaka mzima. Alidonoa spoku zote, zote zikalia sauti moja. Jioni alisikia Valarie, aliyekuwa amerudi kutoka kwa Mong'ina, akicheka chumbani kwake. Hakumuuliza anacheka na nani. Alijua, na alifurahi, na baada ya kufurahi akaogopa. Alhamisi aliifungia baiskeli stoo, ufunguo akauweka kwenye soksi yake.

"Kesho utatembea kwa miguu," alimwambia binti yake.

"Sawa, Baba," Valarie alijibu. Alikuwa akijikumbatia. "Huku ndani kuna baridi kweli, ama ni mimi tu?"

Ijumaa Ombok alifunga duka mapema. Kufuli ya stoo ilikuwa imefungwa kama alivyoiacha. Alifungua.

Stoo ilikuwa tupu.

Simu yake ililia. Namba ngeni.

"Baba, ni mimi. Nimeomba simu kwa mama wa duka huku juu ya kilima." Sauti ya Valarie ilikuwa imejaa furaha. "Usifunge mlango, tunakuja. Ben amenifuata na baiskeli. Anasema tukishuka bila breki, jua halitatuzamia njiani."

"Valarie! Usipande!" Ombok alikuwa ameshafika langoni, anakimbia, slipasi moja imebaki nyuma. "Sikia mimi, chelewa! Leo chelewa! Sitafunga mlango, sitafunga tena kamwe, chelewa tu, mwanangu!"

Aliyejibu hakuwa Valarie.

"Ameshaenda, mzee," alisema mama wa duka. "Anateremka. Ni binti yako?"

"Ameenda na nani?"

Kwa mbali ndani ya simu, mlio wa friwili ulikuwa ukipungua, tk-tk-tk-tk-tk...

"Yuko peke yake," mama alisema polepole. "Lakini mzee... mbona amekaa kwa keria?"