Ukurasa wa Neno «Miss»

Kila mapumziko, kengele ikishalia, Binti Fundi, mtoto wa mshona nguo, alikaa kwenye benchi nyuma ya maktaba pamoja na Mgeni, msichana aliyekuja na baba yake kutoka China mwaka ule. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akitunga kijitabu cha kuwafundishia Kiingereza wanafunzi Wachina, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua neno moja na kulieleza. Binti Fundi alichagua «miss», lenye maana zaidi ya moja. Kwa majuma matatu walipanga mifano: kukosa basi, kukosa shabaha, kisha kumkumbuka aliye mbali mpaka moyo ukauma. Hapo Mgeni alinong'ona mfano wake mwenyewe: bibi yake kule kwao bado humtandikia kitanda kila asubuhi. Binti Fundi aliuandika daftarini mwake. Aliomba usisomwe na mtu mwingine. Binti Fundi aliahidi kuufuta. Siku zikapita, hakuufuta.

Kasuku, rafiki yake wa dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa hajaandika hata mstari. Aliomba daftari lile alitupie jicho tu, aone kazi inavyopangwa. Binti Fundi alimpa bila kinyongo. Siku ya kukusanya, Kasuku alidai amelisahau nyumbani, na Binti Fundi akabaki mikono mitupu.

Kesho yake Mwalimu alisoma kwa sauti ukurasa uliomfurahisha kuliko yote. Ulikuwa na jina la Kasuku. Alipofika kwenye kitanda cha bibi, sauti ya mwanafunzi mmoja ikatoka nyuma: "Kumbe bibi anatandikia hewa." Darasa likaangua kicheko. Mgeni hakumtazama Kasuku. Alimtazama Binti Fundi, kisha akaanza kukusanya vitabu vyake.

Binti Fundi akinyamaza, jina la Kasuku lingechapishwa kijitabuni. Akisema, kila mtu angejua ni nani aliyevunja ahadi. Binti Fundi alisimama.

"Mwalimu, kazi hiyo ni yangu. Na mfano huo niliahidi kuufuta, sikuufuta."

Mwalimu alimuuliza Kasuku kitanda hicho ni cha nani. Kasuku akamgeukia Binti Fundi. "Shoga, si ungeniachia tu? Wewe una akili, ungeandika jingine."

Maneno hayo yalimchoma Binti Fundi kuliko wizi wenyewe.

Mwalimu alimwomba Mgeni radhi, akamhamisha Kasuku dawati na kumtaka aanze neno jipya. Kisha akamwambia Binti Fundi kwa upole, "Umeibiwa jasho lako, mwanangu, na jina lako litarudi. Lakini daftari lile lilikuwa na kitu kisicho chako. Ulichoaminiwa hukitoi, hata kwa rafiki."

Mgeni aliukata mfano wake kwa mstari mmoja, akaisukuma karatasi mbele ya Binti Fundi. "Andika wako," alisema.

Binti Fundi alichukua kalamu. Akaandika kwamba anamkumbuka rafiki yake, aliyeketi madawati mawili tu kutoka hapo.