Safu ya Nya

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata wewe ungelipuuza: kwenye rekodi ya chumba kitupu, kulikuwa na mtu anavuta pumzi.

Fundi sauti haanzi kazi bila kurekodi chumba kitupu kwanza. Watu wote nje, mlango umefungwa, dakika nzima, ili kompyuta ijue mvumo wa chumba chenyewe na kuuondoa baadaye kwenye sauti ya mwimbaji. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya nyumbani kwa Chiriku. Magodoro yalisimamishwa ukutani, mablanketi yakapigiliwa misumari mpaka kwenye mlango, na ukijifungia humo ungeweza kulia hadi machozi yakauke bila jirani kujua. Wakati ule Chiriku na kaka yake, yule fundi, walikuwa sebuleni wanakunywa maji ya moto.

"Hebu sikiliza," kaka akamvika hedifoni.

"Si wewe huyo? Unavyokoroma hata ukiwa macho!"

"Dada, mimi nilikuwa huku na wewe."

Wakacheka. Laiti wangejua!

Lakini nani alikuwa na muda wa kuhangaikia pumzi? Keshokutwa Chiriku alikuwa anafanyiwa upasuaji, na daktari hakumung'unya maneno: uvimbe wa koo ungetoka pamoja na sauti yake yote. Yeye aliyeitwa Chiriku kwa kuimba tangu utotoni angebaki bubu. Mwenyewe alishakubali, bora uhai. Kilichomkata maini ni binti yake wa miaka sita, asiyelala mpaka aimbiwe. Kwa miguu yake mirefu myembamba walimpa jina la utani la ndege yule mweupe, Nyange, na wimbo wake wa kulala ulikuwa jina hilo tu, Nyange, Nyange, na maneno mengine ya upuuzi.

Ndiyo maana kaka alikuwa amebuni hili. Chiriku angeimba kila silabi peke yake, safi, kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Ba be bi bo bu. Cha che chi cho chu. Kaka angekata pumzi zote, asibakishe hata moja, halafu kompyuta ingeziunga silabi. Ukiiandikia maneno yoyote, ingeyaimba kwa sauti ya mama.

Walirekodi kutwa nzima. Walipofika safu ya nya, Chiriku akafungua mdomo na kikohozi kikamkamata, kikamkunja, leso ikaingia damu.

"Basi, basi, inatosha," kaka akasema. "Nya tutamalizia kesho."

Kesho yake Chiriku aliamka hana sauti, ananong'ona tu. Akalia sana. Jina la mwanawe lingeimbwaje bila nya? Kaka yake akamwita stooni. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Dada, usiku uliingia humu?"

"Niingie kufanya nini, na koo hili?"

"Safu ya nya imejaa. Zote kumi na tano."

Akazichezesha. Ilikuwa sauti ya Chiriku, tamu kuliko zote alizoimba jana, na mle chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Huyu si mimi," Chiriku akanong'ona.

"Basi nazifuta. Vitu vingine havichezewi."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe. Chiriku akaushika. Alijua anachofanya, na aliogopa, lakini alimfikiria Nyange amelala macho kitandani, anangoja.

"Ziache," akasema. "Tafadhali, kaka yangu. Ziache."

Lilikuwa karibu neno lake la mwisho.

Alirudi kutoka hospitali na tundu shingoni na daftari la kuandikia. Mchana huohuo wakamchezeshea mtoto wimbo wake. Nyange akapiga makofi, akabusu kompyuta, akalala fofofo. Siku ya tatu Chiriku aligundua kwamba kati ya Nyange na Nyange, ile sauti ilikuwa inavuta pumzi. Akaandika daftarini: *Ifute. Yote.* Kaka akafuta yote mbele ya macho yake, akaichomoa kompyuta, akaibeba kwenda nayo kwake, akaahidi kurudi jioni kung'oa magodoro.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali dirishani, Nyange amekaa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa.

"Abee, mama!" mtoto akaitika ghafla, akainuka.

Chiriku akatikisa kichwa, akajionyesha kifuani: mama niko hapa.

"Si wewe," Nyange akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mtu mgeni. "Mama anayeongea."

Na hapo Chiriku naye akaisikia, ikitoka stooni, sauti yake mwenyewe, ile ile aliyombembelezea mtoto huyu tangu tumboni, ikiita Nyange, Nyange wangu, njoo, na mtoto akakimbia kwa furaha kwa ile miguu mirefu, na mama akajirusha kutoka kwenye kiti, akaanguka, akainuka, akafungua mdomo na kupiga ukelele kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu, usiende, rudi, usiitike, na kwenye tundu la shingo ikatoka pumzi tu.

Mlango wa stoo ukafungwa taratibu nyuma ya Nyange, jinsi unavyofungwa watu wakitaka kurekodi.

Chiriku akaugonga kwa ngumi, kwa kichwa, kwa magoti. Magodoro yalikuwa bado ukutani na mablanketi bado mlangoni, alivyoyapigilia kaka yake. Aligonga mpaka mikono ikachubuka, huku akijua kwamba mle ndani hakusikiki kitu.