Mkanda wa Kidevu

Maiti ya Sabyr Iskakov ilikuwa bado imevaa chuma kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu. Kichwa peke yake ndicho kilichokuwa wazi, na hicho ndicho kilichopasuka.

Alilala chali katikati ya ulingo, ndani ya ukumbi wa michezo wa Karaganda, saa saba mchana, chini ya mapambo ya Nauryz, sikukuu ya mwaka mpya. Kofia yake ya chuma ilikuwa hatua tano kutoka kichwani, imeegemea uzio wa mbao.

Inspekta Raushan Tleubaeva alichutama kando ya maiti. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kwenye upelelezi wa mauaji. Hakuwahi kuona marehemu aliyevaa deraya.

"Ni ajali, afande," alisema mtu nyuma yake. Alikuwa Toktar Beisenov, kocha wa timu ya marehemu, mtu wa mabega mapana na mikono yenye makovu ya nyundo. "Ni mchezo wa mapigano ya deraya, watano kwa watano, silaha butu, anayebaki amesimama ndiye mshindi. Kofia imechomoka. Hutokea."

"Imeshatokea mara ngapi?"

"Mara moja moja."

"Na hiyo mara moja moja huua wangapi?"

Toktar alitazama saa yake, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Afande, kama mngeweza kumwondoa kabla ya saa nane. Kuna timu zimesafiri tangu jana. Pambano linalofuata..."

Raushan alisimama. "Hebu rudia."

"Nimesema tu kwamba..."

"Nimesikia ulichosema. Damu ya kijana wako haijakauka, wewe unaniambia ratiba! Sajini Kim! Funga milango. Atakayekanyaga ulingo huu, hata akija na fagio, mtie pingu."

Aliyempiga marehemu alikuwa Artur Shmidt, kijana wa timu pinzani ya mji huohuo. Walimkuta amejikunyata kwenye ngazi, deraya bado mwilini, analia mpaka bamba za kifua zinagongana.

"Mwenzangu alimsukuma kwa ngao," alisema. "Kofia ikaruka. Mimi shoka nilishaliinua, lilikuwa linashuka. Mkono ukishashuka na kilo zote hizo hauwezi kuurudisha, afande. Nilimwona uso. Alikuwa ananitazama."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Na Sabyr? Juzi tu tumekula wote kwao. Watu hapa wananiita muuaji. Mimi ni muuaji?"

"Sijui bado," Raushan alisema. "Lakini wanaokuita hivyo nao hawajui. Vua hayo machuma unywe maji."

Alirudi kwenye kofia. Mkanda wa ngozi unaopita chini ya kidevu ulikuwa umekatika. Kipande kimoja kilining'inia kushoto, kingine kulia pamoja na bizimu yake ya kufungia. Aliugeuza mwisho wake kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini kama jibini iliyokatwa kwa waya. Kasehemu kadogo tu ndiko kalikochanika na kutoa nyuzi.

"Kim, hii ngozi imekatika au imekatwa?"

Sajini Vadim Kim aliinama, akatazama, akakunja uso. "Imekatwa, afande. Ikaachiwa kidogo, imalizike yenyewe."

"Basi mwondolee kocha habari za ajali. Haya ni mauaji."

*

Dada wa marehemu aliitwa Kunsulu. Alikuwa fundi wa viatu, na mikanda yote ya deraya ya kaka yake ilikuwa kazi ya mikono yake. Walimhoji kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya mifuko yenye harufu ya jasho na mafuta ya kulainishia chuma.

"Mkanda wa kidevu niliushona mwenyewe," alisema. "Ngozi mbili pamoja. Ule unaweza kumvuta ng'ombe."

"Asubuhi ulikuwa mzima?"

"Waamuzi waliukagua saa tatu. Sabyr aliukagua. Mimi niliukagua. Baada ya hapo kofia zote zikawekwa mezani, kocha anazilinda."

"Nani alimvisha?"

"Mimi. Siku zote ni mimi. Huwezi kuvaa vitu hivi peke yako, dada. Mgongoni hufiki, mabegani hufiki. Nilimfunga miguu, kifua, mabega, mikono. Glavu za chuma nikazifunga kwa kamba kwenye bamba za mikono, mafundo mawili kila upande. Ikabaki kofia."

"Kwa nini ikabaki?"

"Kocha Toktar alikuja akaniambia ninaitwa kwenye meza ya usajili, kuna sahihi nimesahau. Nikashuka chini mbio. Nikapanga foleni. Nikafika, yule mama ananiambia hakuna aliyekuita. Niliporudi Sabyr alikuwa tayari ulingoni na kofia kichwani. Nikamwita. Ndani ya kofia hawasikii."

Akapiga goti lake ngumi. "Wananiambia mkanda wangu ulikuwa mbovu! Wamesema mbele yangu, wanasikitika, wananishika bega. Eti niliushona vibaya!"

"Nani kasema?"

"Kocha ndiye wa kwanza."

Raushan alikwenda moja kwa moja kwa Toktar.

"Nani alimfunga Sabyr kofia?"

"Alijifunga mwenyewe. Yule mzoefu, miaka sita."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Na dada yake, nani alimwita kwenye usajili?"

"Sikumbuki. Kulikuwa na kelele. Labda mtu alinituma."

"Mtu gani?"

"Afande, ningekuwa nakumbuka ningesema."

Raushan aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamtaka atie sahihi. Alitia.

*

Kesho yake asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa na maneno machache. Pigo moja, utosini, fuvu limevunjika, ubongo umevuja damu. "Na kofia kichwani angeumwa kichwa siku mbili, basi."

"Glavu zilitolewaje?"

"Tulikata kamba kwa mkasi. Mafundo yalikuwa yamekazwa, hakuna aliyeyagusa. Picha hizi hapa."

Raushan alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akampigia simu Kunsulu, akauliza kama Sabyr alikuwa na deraya nyingine.

Ilikuwepo ya zamani, kwenye karakana ya viatu. Kunsulu alimvisha inspekta kipande kwa kipande, mikono yake ikikumbuka kazi yenyewe: koti nene lililojazwa pamba, bamba za mapaja zilizoning'inizwa kiunoni, deraya ya kifua, mabega, mikono. Kila alipokaza mkanda alisema, "Pumua." Mwisho akavuta glavu. Bamba moja kubwa lilifunika vidole vyote vinne kama gamba la kobe. Kamba, fundo, fundo la pili.

"Wanawake wa idara wakikuona hivi, afande, hakuna atakayethubutu kukuomba tena mbadilishane zamu," Kim alisema.

"Nyamaza, niwekee kofia. Usiifunge."

Kofia ilishuka. Dunia ikabaki ufa mdogo mbele ya macho, na pumzi yake mwenyewe ikamrudia usoni. Aliinua mikono chini ya kidevu akatafuta bizimu. Chuma kiligonga chuma. Alijaribu kubana ngozi, ikateleza. Alijaribu tena. Alijaribu mpaka jasho likamwingia machoni, na vidole vyake humo ndani havikuwahi hata kuugusa mkanda.

"Dakika sita," Kim alisema.

"Nitoe."

Kofia ilipotoka, uso wake ulikuwa mwekundu, na wekundu huo haukuwa wa joto pekee. "Kapigwa picha mochwari na mafundo yako yamo mkononi, Kunsulu. Hakujifunga. Hakuweza! Aliyesema alimwona kwa macho yake kanidanganya mchana kweupe, akatia na sahihi."

Kunsulu alikwenda nyuma ya karakana, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa nusu ya kofia ya chuma, imepasuliwa kwa msumeno kama tikiti.

"Hii ilikuwa ya Zhalgas," alisema. "Wa timu yetu. Mwaka jana alipigwa, kofia ikabonyea, akalala hospitali miezi mitatu. Sasa haongei sawasawa, hata supu analishwa na mama yake. Kocha aliwaambia watu wote Zhalgas alikosea mwenyewe, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Sabyr hakuamini. Kocha ndiye anayetengeneza kofia za timu. Sabyr akaipasua, akapima unene. Tangu siku hiyo akajitengenezea kofia yake mwenyewe."

"Akapata nini?"

"Inatakiwa milimita mbili, chuma kilichokomazwa kwa moto. Juu hapa ni moja na kidogo, laini kama sufuria. Jana jioni, baada ya mapambano, alitaka kuiweka mezani mbele ya timu zote."

"Kocha alijua?"

"Sabyr alimpelekea nusu ya pili wiki nzima kabla. Alisema si haki kumsema mtu bila yeye kujua. Si haki, alisema."

*

Jibu la maabara lilikuja Jumanne. Mkato wa mkanda ulikuwa wa kisu chembamba cha ngozi, na ulizibwa kwa nta nyeusi ili usionekane. Nta ya namna ileile ilikutwa kwenye karakana ya Toktar Beisenov. Na ndani ya nta iliyokuwa upande wa chini wa mkanda, palepale inapobana kidevu, kulikuwa na alama nzima ya dole gumba.

Toktar aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa nne asubuhi. Alisomewa haki zake. Alikataa kuwekewa wakili, akasema hana cha kuficha.

"Dole lako hilo," Raushan alisema, akisukuma picha.

"Mimi ni kocha. Nagusa mikanda yote."

"Nta imepakwa baada ya ukaguzi wa saa tatu. Mwamuzi aliukunja mkanda ule mbele ya watu wawili, ulikuwa mzima. Baada ya hapo nani alilinda meza? Nani alimwondoa Kunsulu? Ulisema alijifunga mwenyewe. Nilivaa vitu vile, Toktar. Nilihangaika dakika sita kama kuku aliyefungwa mbawa. Wewe umeshaivisha timu nzima miaka kumi, ulijua kabisa haiwezekani. Ulifikiri polisi hawatajisumbua kujaribu?"

Toktar alitazama mikono yake. Aliikunja, akaikunjua.

"Sikutaka afe," alisema.

"Ulitaka nini?"

"Kofia ichomoke tu. Aanguke, watu waone. Ile aliyoitengeneza yeye, aliyojidai nayo. Nani angemsikiliza mtu ambaye kofia yake imeruka mbele ya ukumbi mzima? Wangecheka. Nami ningesema, mmeona, huyu ndiye anayenifundisha kazi. Nilidhani atasukumwa tu. Shoka la Artur sikuliwaza."

"Uliufunga wewe?"

"Ndiyo. Nisingeacha mtu mwingine aushike, angehisi mkato."

"Na kofia za timu. Kwa nini ulizipunguza?"

Hapo macho yake yaliwaka kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu tulikuwa tunashindwa! Kila mwaka tulikuwa wa mwisho. Kofia nzito mtu anachoka dakika ya pili. Nilizipunguza, vijana wakawa wepesi, tukachukua vikombe vitatu mfululizo. Vitatu! Picha yangu iko ukumbini pale. Walinishangilia wote, na Sabyr naye. Halafu anakuja na msumeno wake kunivunjia jina langu."

"Vijana walijua wanavaa nini?"

"Wangejua wangeogopa."

Raushan alishika ukingo wa meza. Alihisi maneno ya kumtukana yamejaa kinywani, akayameza, kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinazunguka na aliitaka kesi hii iwe safi.

"Zhalgas alipopasuka kichwa," alisema taratibu, "ulikwenda kwa mama yake ukamwambia kosa ni la mwanawe."

"Ningesema nini?"

"Ungenyamaza! Hata kunyamaza kulikushinda? Ulimharibu kijana, ukamtwika na lawama. Ukamuua mwingine, ukaitupa lawama kwa dada yake na sindano yake. Na Artur Shmidt ulimwachia jina la muuaji alale nalo. Kila mtu mjini hapa amebeba kosa lako isipokuwa wewe."

Toktar alianza kulia. Raushan hakumpa kitambaa.

"Swali la mwisho. Ulipokuwa unamfunga, alisema chochote?"

Toktar alifuta uso kwa kiganja.

"Alisema, asante, kocha."

Kim, aliyekuwa akiandika maelezo, aliweka kalamu chini. Raushan alizima kinasa sauti, akaita askari wampeleke mahabusu. Kisha akatia sahihi hati ya kukamata kila kofia iliyotoka kwenye nyundo ya mtu yule, akampigia simu Artur Shmidt, akamwambia atoke nje, atembee, hana kesi.

Mchana ule walikwenda na Kunsulu kwenye ghorofa ya matofali karibu na mgodi wa zamani. Bi Orynsha, mama yake Zhalgas, aliwafungulia na kijiko mkononi. Zhalgas, mwanamume mzima, alikaa mezani, kitambaa kifuani, mbele yake bakuli la supu ya tambi.

"Karibuni chai," mama alisema kwa woga, kama wanavyosema watu waliozoea habari mbaya.

Raushan hakukaa. "Mama, nimekuja kukwambia kitu kimoja. Mwanao hakukosea. Hakuinamisha kichwa vibaya. Alipewa kofia mbovu, na aliyempa alijua, na leo amekiri kwa mdomo wake."

Bi Orynsha alisimama palepale. Mwaka mzima alikuwa amesikia kwamba mwanawe ni mzembe, sokoni, kwenye ngazi, hata kwa ndugu zake. Zhalgas mwenyewe alipojaribu kusema hakukosea, hakuna aliyesubiri amalize. Aliweka kijiko mezani taratibu, akamshika Zhalgas mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza amtazame.

"Umesikia?" alisema. "Umesikia, mwanangu? Hukukosea."

Zhalgas alimtazama. Midomo yake ilihangaika, ikatafuta, ikakwama, ikatafuta tena.

"Ni-li-sema," alisema.