Mapigo ya Kompyuta ya Harlan

Mume wangu Harlan alifanya kazi kwenye kiwanda cha injini hapa mjini Saginaw mpaka akastaafu. Kwake yeye kila kitu ni injini. Jokofu likigoma, injini. Goti langu likiuma, ananiuliza mara ya mwisho nililipaka grisi lini. Nampenda, lakini Machi ile alinifikisha ukomo.

Mimi naitwa Bernadine. Nilikuwa karani kwenye kiwanda hicho hicho. Kilipopunguza watu, nikabaki nyumbani nikihesabu mbao za dari. Baadaye nikapata kazi ya kuwaandikia viziwi. Kazi yenyewe ni hivi. Mwanafunzi kiziwi yuko darasani chuoni. Mimi niko nyumbani, namsikiliza mwalimu wake kwa mtandao. Kila neno la mwalimu nalirudia kwenye maikrofoni. Kompyuta inageuza sauti yangu kuwa maandishi, na mwanafunzi anayasoma pale pale.

Pale pale, jamani. Maneno yakichelewa, hakuna kazi.

Nilipewa mwanafunzi mmoja wa kuanzia, Marisela, msichana anayesomea uuguzi. Wiki ya kwanza haijaisha, akaniandikia: "Bi Bernadine, samahani. Maneno yananifikia yamechelewa. Wenzangu wanacheka, mimi bado nasoma habari za figo. Wakinyamaza, ndipo naanza kucheka peke yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Siku hiyo hiyo msimamizi wangu akanipigia simu. "Bi Bernadine, sauti yako ni safi. Lakini kompyuta yako inavuta miguu. Ijumaa ya wiki ijayo tutapima tena. Ikichelewa, tutampa Marisela mtu mwingine."

Kompyuta hiyo aliniletea Harlan. Alinunua kwa mtu aliyekuwa anauza makorokoro ya gereji yake Jumamosi moja.

"Harlan," nikamwambia, "kompyuta yako ni nzito. Nataka nyingine."

"Nzito? Hii?" Akaipiga kofi la mapenzi ubavuni. "Bernie, prosesa ya hii ina gigahezi tatu nukta nane. Nimeziona za siku hizi dukani. Mbili nukta nne! Wanakuuzia pungufu kwa bei ya juu. Tena hii ni daraja la saba. Zile ni la tano."

"Ilitengenezwa lini?"

"Enzi zile watu walipokuwa wanatengeneza vitu vya maana."

"Inachelewa, Harlan!"

"Inapata joto tu. Niachie mimi."

Nikisikia "niachie mimi" mwili unanisisimka. Mara ya mwisho aliyasema akifungua mashine ya kufulia, tukafua kwa mikono mpaka Pasaka.

Nilienda kununua mahitaji. Kurudi, nikakuta ubavu wa kompyuta umekatwa tundu kwa msumeno. Kwenye tundu amefunga kwa waya feni ya lori. Feni ya lori, mezani kwangu!

"Sasa mnyama atapumua," akasema, akaiwasha.

Karatasi zikaruka. Paka akakimbilia chini ya kochi. Nikajaribu kusema sentensi moja kwenye maikrofoni. Maikrofoni ikasikia feni kuliko mimi, na kompyuta ikaandika upuuzi ambao siwezi kuurudia mbele za watu. Tena iliuandika kwa kuchelewa.

"Ingoje izoee," Harlan akasema.

"Izoee nini? Wewe mwenyewe nimeshindwa kukuzoea!"

Nilipandisha sauti, sifichi. Yeye akanuna, akaenda gereji. Kila mtu akala chakula chake peke yake.

Jumanne jioni jirani yetu Odessa alikuja kucheza karata, kama tulivyozoea. Odessa anafundisha kompyuta kwenye chuo cha jamii. Aliposimama mlangoni, akaziba masikio.

"Shoga, hiyo ni kompyuta au helikopta?"

"Muulize shemeji yako."

Harlan akaanza hotuba yake ya tatu nukta nane. Odessa akamwacha amalize. Kisha akaizima ile feni, akavuta kiti.

"Tusimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza," akasema. "Kompyuta inaweza kuchelewa kwa sababu nyingi. Mtandao unaweza kuwa dhaifu. Kumbukumbu inaweza kujaa. Au ni prosesa, yaani kile kifaa cha ndani kinachofanya hesabu zote." Akafungua ukurasa unaoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani ndani ya kompyuta. "Bernie, sema na maikrofoni."

Nikasema. Kwenye kioo, namba ya prosesa ikapanda mpaka mia kwa mia, ikang'ang'ania hapo.

"Mtandao hauna neno," akasema Odessa. "Kumbukumbu imetumika nusu tu. Ingekuwa imejaa, ningewaambia muongeze kumbukumbu, yakaisha. Lakini anayetoka jasho hapa ni prosesa."

"Haiwezekani," Harlan akasema. "Gigahezi tatu nukta nane!"

"Shemeji, gigahezi ni nini?"

"Kasi."

"Ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Yako inapiga mara bilioni tatu na milioni mia nane. Sawa. Sasa nikuulize wewe fundi. Nina injini mbili, moja ya pikipiki, moja ya lori. Zinazunguka mizunguko ile ile kwa dakika. Zina nguvu sawa?"

Harlan akacheka kwa dharau. "Nani kakudanganya hivyo? Mizunguko peke yake haikwambii kitu. Lazima ujue kila mzunguko unatoa kazi kiasi gani."

Odessa akanigeukia. Mimi nikamgeukia Harlan.

"Endelea, mume wangu," nikasema. "Tunakusikiliza."

Harlan akawa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Basi prosesa ni hivyo hivyo," Odessa akasema, kwa upole ambao mimi nisingeuweza. "Mpya, kwa pigo moja, inafanya kazi nyingi kuliko hii. Halafu ndani ya prosesa kuna viini. Kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Hii ina vinne. Yangu ina kumi. Si kila kazi hugawanyika kwa wafanyakazi wengi, lakini hii ya sauti inagawanyika. Na ile mbili nukta nne uliyoiona dukani ni mwendo wa kawaida tu. Kazi ikizidi, prosesa inaongeza mapigo yenyewe."

"Na daraja la saba?"

"Saba na tano unazilinganisha kwa prosesa za kizazi kimoja. Saba ya enzi hizo iliishinda tano ya enzi hizo. Usiishindanishe na tano iliyozaliwa miaka kumi baadaye. Tazama kwanza ni ya kizazi gani. Daraja baadaye."

"Maneno matupu," Harlan akasema, lakini sauti ilishashuka. "Nataka kuona."

"Hapo umesema la maana! Usiniamini mimi, wala muuzaji, wala kijikaratasi cha dukani. Pima kwa kazi yako mwenyewe."

Akaenda kwao kuchukua kompyuta yake ya mkononi. Ilikuwa na miaka mitatu, na aliinunua imeshatumika. Tukaweka programu ile ile kwenye zote mbili. Tukazisikilizisha somo moja lililorekodiwa, kwa wakati mmoja. Ya Odessa iliandika bega kwa bega na mwalimu. Yetu ikabaki nyuma, kisha nyuma zaidi. Somo likaisha, ikawa bado inaandika. Harlan akaenda jikoni, akajimiminia kahawa, akarudi. Bado inaandika.

"Izime," akasema.

Nilidhani tumemaliza. Thubutu! "Basi kesho tununue ya juu kuliko zote!" akasema.

"Mungu wangu, Harlan!"

"Ya juu kuliko zote ya nini, shemeji?" Odessa akauliza. "Hizo ni za watu wanaotengeneza filamu. Tafuta inayotosha kazi ya Bernie, iwe na ziada kidogo, uishie hapo. Iliyotumika pia inafaa, mradi ni ya kizazi cha karibuni na umeijaribu."

Kesho yake tukaenda kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Harlan hakufungua mdomo kuuliza gigahezi. Alitoa lile somo lililorekodiwa, akataka kompyuta tatu zijaribiwe pale pale, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Muuzaji alipumua kwa hasira. Nilifurahi sana kuona mtu mwingine akichoshwa na Harlan. Tukachukua ya katikati, ya miaka miwili, iliyoandika bila kubaki nyuma.

Ijumaa ikafika. Kazi sikuikosa, nawaambieni mapema msihangaike. Lakini si hicho ninachotaka kuwasimulia.

Nilikaa na maikrofoni, msimamizi anasikiliza, Harlan nimemfungia gereji. Mwalimu akazungumza juu ya moyo, mimi nikarudia, maandishi yakaenda. Kisha akauliza darasa: "Mgonjwa anashindwa kupumua akilala chali. Utafanya nini kwanza?" Nikalirudia swali. Siku zote hizo sikuwahi kusikia Marisela akijibu. Sasa nilielewa ni kwa nini. Swali lilikuwa likimfikia wakati mtu mwingine ameshajibu.

Kabla mwingine hajajibu, nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Nitamketisha wima."

"Safi, Marisela," mwalimu akasema.

Kazi yangu ni kurudia kila neno la mwalimu. Nikausogelea mdomo wa maikrofoni, nikamwambia: "Safi, Marisela."