Miezi Mitatu ya Husna

Mwaka 2004, msimu wa kuokota korosho, Husna alianza kuumwa mgongo. Wanawake wengi wa kijiji chao cha Mahurunga huumwa mgongo msimu huo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mumewe, Kassimu, alimkanda kwa maji ya moto. Husna akarudi shambani, na jioni akaanika muhogo wake. Lakini miaka minne nyuma alikuwa amekatwa titi kwa sababu ya saratani. Hilo walipaswa kulikumbuka.

Miguu ilipoanza kulegea, Kassimu na Issa, kaka yake Husna, walimpeleka mjini Mtwara. Alipigwa picha. Daktari akawaambia kwamba saratani imefika kwenye uti wa mgongo. Kisha akachukua jedwali, akajumlisha alama: hali ya mwili, saratani ilikoanzia, mifupa iliyoguswa, nguvu ya miguu.

"Alama zake ni chache," alisema. "Wagonjwa wengi wa alama hizi huishi miezi mitatu, minne, au zaidi kidogo. Lakini mpelekeni Dar es Salaam wiki hii, akapigwe mionzi. Miguu bado inaweza kuokolewa."

Alisema maneno mawili. Wao walisikia moja.

Katika ukoo wao, neno la mwisho juu ya mgonjwa ni la kaka yake.

"Miezi mitatu, shemeji," Issa alisema. "Tumpeleke akafie ugenini? Akae kwao, watu waje wamwombe radhi."

Kassimu alinyamaza. Ukimya ule aliujutia mpaka uzeeni.

Ndugu walikuja kutoka Ziwani, wengine kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Waliomba radhi mmoja mmoja, na Husna akawasamehe. Wiki ya pili miguu ikafa kabisa. Mwezi wa tatu ukapita. Wa nane nao ukapita.

"Kaka, nimeshawasamehe wote," Husna alisema siku moja. "Mbona sifi? Ningejua nitaishi, ningeitaka miguu yangu."



Mwezi wa tisa alikuja Magreth, muuguzi mgeni wa zahanati, kumwosha vidonda vya kulala muda mrefu.

"Nani alikataa mionzi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Issa. "Daktari alituambia miezi mitatu. Alitudanganya?"

"Hakudanganya, baba. Jedwali lile limetokana na wagonjwa wengi. Wewe unalima korosho. Ukiitazama mikorosho yako yote, unaweza kukisia mavuno?"

"Naweza. Sikosei sana."

"Na mkorosho mmoja, huo hapo?"

"Huo siwezi. Mmoja unakunyima, wa pembeni yake unainamisha matawi kwa kuzaa."

"Basi na alama ziko hivyo. Zinamsaidia daktari kupanga matibabu, lakini kwa mtu mmoja hukosea, hasa kwa mgonjwa ambaye dawa za saratani zinamfaa. Si kalenda ya kifo. Na miguu ikianza kulegea haingoji. Hapo tunahesabu siku, si miezi."

"Na sasa?"

"Sasa miguu sitawaahidi. Maumivu yanaweza kupungua."

Safari hii Kassimu hakumngoja shemeji yake. "Tunakwenda," alisema.

Husna alipigwa mionzi Dar es Salaam. Maumivu yakapungua, akaanza kulala usingizi. Miguu haikurudi.

Mwaka uliofuata habari ilifika kwamba Fatuma wa Ziwani, naye aliyewahi kuugua saratani ya titi, miguu inamwia mizito. Alama alizopewa Mtwara pia zilikuwa chache, na wanawe walitaka abaki nyumbani tu. Issa alipanda baiskeli, akaenda Ziwani mwenyewe.

"Msiulize mama yenu atakufa lini," aliwaambia. "Mwulizeni daktari leo anaweza kuokoa nini. Mimi sikuuliza."

Wakampeleka Dar es Salaam wiki ileile.

Miezi miwili baadaye Fatuma alikuja Mahurunga kushukuru. Aliingia uani kwa miguu yake mwenyewe, polepole, ameshika fimbo. Husna aliitazama miguu ile kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Karibu ukae, mwenzangu."

Issa aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba. Hakutaka dada yake amwone akilia.