Ukurasa wa Masjala

Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni fundi wa mtandao alipoingia masjala kwa mara ya kwanza, vumbi la dari mabegani.

"Samahani dada, natafuta kompyuta yenu kongwe kuliko zote."

"Hapa kila kitu ni kikongwe, kaka. Hata mimi," karani akamjibu bila kuinua macho.

Alipoyainua, mgeni alikuwa anacheka.

Kompyuta ile ilikuwa ya kuhifadhi kurasa za mtandao wa ndani zenye orodha ya majalada, ili mtu wa ghorofa yoyote aone jalada liko rafu gani bila kupanda ngazi. Fundi akamfundisha karani kuziandika mwenyewe.

"Zinakaa humu humu," alisema akiigonga kompyuta. "Nje ya jengo haziendi."

Wiki sita fundi alikuja kila siku, hata pasipo na hitilafu. Karani akatoa kabatini gauni la kijani ambalo hakuwa amelivaa tangu afiwe na mumewe, miaka minne nyuma. Yaliyokuwa moyoni hakuwa na wa kumwambia. Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa mapokezi katika jengo lile lile. Basi akaandika ukurasa na kuuacha nje ya orodha, akiamini umefichika: "Fundi akisogea kunielekeza, nasahau namba ya jalada nililoshika. Nilidhani moyo ulishafungwa."

Jumatatu moja akakuta ukurasa unadai neno la siri. Fundi hakuonekana. Jumanne vilevile. Ameusoma, karani alijiambia, amenikimbia. Fundi akampigia simu mara tatu, hakuipokea. Mara ya nne akapokea.

"Wewe ndiye uliyeufunga?"

"Ni mimi. Mtandao ni wa ndani, lakini ndani tuko watu themanini. Kisicho kwenye orodha bado kinaonekana kwa anayefungua folda. Nimeangalia kumbukumbu za waliofungua, hakuna mwingine aliyeufikia."

"Ila wewe umesoma."

"Mistari miwili. Nilipojua ni mimi ninayetajwa, nikaacha."

"Ukakimbia."

"Nilishindwa kukutazama usoni nikijifanya sijui kitu. Yale ulijiandikia mwenyewe, hukuniandikia mimi. Nilikupigia nikupe neno la siri, ulibadilishe, hata mimi nisiweze kufungua."

Hasira ambayo karani aliitunza siku mbili haikuwa na pa kwenda tena.

"Nipe," alisema. "Na kesho njoo."

Jioni ile, kazi ilipokwisha, karani alimngojea wifi yake, wakatembea pamoja hadi kituoni. Akamweleza yote kwa mdomo wake.

"Kaka yangu nilimpenda," wifi akasema. "Lakini hakukuoa ili uje kuwa mlinzi wa kaburi lake. Huyo mtu nataka nimwone."

Asubuhi fundi alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kujieleza. Karani akamvutia kiti, akamfungulia ukurasa.

"Soma wote. Nimekuruhusu."

Akampa mgongo na kuanza kupanga majalada yaliyokwisha kupangwa.

"Mpenzi," fundi alisema, na neno lenyewe likamtoka taratibu, "posa napeleka kwa mama yako au kwa wifi yako?"

"Anza na wifi," karani akajibu, bado akitazama rafu. "Yuko mapokezi, anakusubiri."