Mita Tisa Kati ya Shimo na Shimo

Kila asubuhi, binti ambaye nyumba nzima ilimwita Kiherehere alikunywa maziwa kwenye meza ya mama yake, katikati ya rula na penseli. Mama alikuwa mchoraji wa ramani za handaki lililochimbwa mita mia tano chini ya ardhi, la kuzikia mabaki ya nyuklia yenye mionzi. Sharti lilikuwa moja tu: kikombe kisiikaribie ramani.

Jumatatu hiyo kiliikaribia. Tone la maziwa lilianguka, na Kiherehere alipolifuta, ikafutika pia namba iliyoonyesha umbali kati ya mashimo mawili ya kuwekea mabaki hayo. Mama alikuwa akivaa viatu. Mtoto akaandika 6 haraka haraka. Mama akaikunja ramani, akaondoka.

Darasani Kiherehere hakusikia neno. Ilikuwa sita au tisa?

"Una nini wewe? Umekaa kama umemeza kifutio," rafiki yake alinong'ona.

"Nimeharibu ramani ya mama. Leo mchana wanaanza kutoboa mashimo."

"Nyamaza tu. Nani atajua?"

"Si mimi hapa najua?"

Wakati wa mapumziko aliomba ruhusa kwa mwalimu, akatimua mbio hadi geti la kazini kwa mama. Mlinzi akapiga simu. Mama akatoka na kofia ngumu kichwani, pamoja na msimamizi wa mitambo, mzee mwenye sauti nzito.

"Mama, nisamehe! Nilifuta namba, nikaandika sita. Sina hakika kama ilikuwa sita."

Mama akamgeukia msimamizi. "Ilikuwa tisa."

Msimamizi akanyakua redio yake. "Simamisheni mtambo!"

Kiherehere aliikodolea redio macho.

"Ndiyo kwanza tunaweka alama, mzee," redio ikajibu.

Hapo mtoto akaangua kilio. Msimamizi akachuchumaa mbele yake.

"Mjukuu wangu, mabaki haya yana joto la miaka mingi. Tukiyabananisha, udongo tunaoyazungushia utakauka upasuke, maji yapate njia. Ndiyo maana handaki letu ni kubwa kama mtaa mzima. Sehemu kubwa ni nafasi tu."

"Nitaadhibiwa?"

"Labda mama yako, kwa kukaribisha maziwa kwenye meza ya ramani!"

Mama alicheka huku akimfuta machozi. "Kumwaga ni bahati mbaya, mwanangu. Kuficha ndiko kungetuponza, sisi na watakaozaliwa baada yetu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, kama ulivyofanya leo."

Akaitoa ramani kwapani, akaikunjua kwenye ukuta wa geti, akampa penseli.

"Haya. Andika tisa kwa mkono wako."